Mtoto Mchanga na Mlezi Wake
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa Chama, Mbaraki)



Hesabu za mazishi na za karo mmekwisha kuzisikia. Sisi twaomba ruhusa tunene habari za wale wasiolipa ada wala kupiga kura katika Chama hiki, nao ni watoto wetu walio chini ya miaka miwili.

Wengi wetu hapa Mbaraki twafanya kazi bandarini na katika maghala. Baba hurudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, na mama naye hushika njia ya kazini au sokoni. Mtoto huachiwa yaya. Yaya huyo akiondoka kwa ajili ya shilingi chache, huletwa mwingine, na baada yake mwingine tena. Twajiambia kwamba mtoto mchanga hajui kitu, maadamu ameshiba uji. Neno hilo si kweli.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Harry Harlow, alitangaza majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa kima. Aliwawekea mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, na mmoja aliyevikwa kitambaa laini asiye na kitu. Watoto walimwendea yule wa waya kunyonya tu, kisha wakarudi kumkumbatia yule wa kitambaa. Na walipotishwa, huyo ndiye waliyemkimbilia. Kumbe mapenzi hayanunuliwi kwa maziwa peke yake. Naye Mwingereza John Bowlby alieleza sababu yake: kiumbe mdogo akaaye karibu na mlinzi wake huokoka na hatari, kwa hiyo kulia, kushika nguo na kufuata nyuma ni silaha alizozaliwa nazo.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi watoka Uganda. Katika miaka ya 1954 na 1955 Bibi Mary Ainsworth alizitembelea mara kwa mara jamaa 26 za Waganda karibu na Kampala, zenye watoto 28, na kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto hachagui mtu wake siku moja. Kwanza hupokea mikono ya kila mtu. Halafu, aghalabu baada ya nusu mwaka, hulia mtu wake akiondoka na hutambaa kumfuata. Akiwa naye karibu huthubutu kwenda kutazama mambo, kisha hugeuka kuhakikisha kwamba yupo. Katika watoto wale 28, 16 walikuwa na utulivu, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajashikamana na mtu. Na mama wa watoto watulivu walijulikana kwa jambo hili: walipoulizwa, waliweza kusimulia mambo madogo madogo ya watoto wao, kwa sababu walikuwa wakiwaangalia. Tena wako watoto waliompenda baba, bibi au ndugu pamoja na mama, jambo ambalo wazee wetu hawangelistaajabia.

Sisi tunaosema haya hatukuwa na busara hiyo. Mzaliwa wetu wa kwanza tulimpeleka shamba kwa bibi yake akiwa na miezi mitano, tukamrudisha alipopita miaka miwili. Alijificha nyuma ya mlango na kumlilia bibi usiku kucha. Tulimwita mkaidi, tukamkaripia. Kumbe alikuwa na msiba. Ilipita miezi mingi kabla ya kuja mwenyewe kukaa mapajani mwetu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba majuma mawili. Basi mama hurudi kazini kabla mtoto hajachagua, na uchaguzi wenyewe hufanyika mikononi mwa yaya. Mama hana lawama, wala hapotezi nafasi yake, kwa kuwa mtoto aweza kuwapenda wawili. Lakini hawezi kumpenda mtu abadilishwaye kila mwezi.

Kwa hiyo yatupasa haya. Mwenye yaya mwema amlipe kwa wakati, asimwache aende kwa ajili ya fedha kidogo. Tusitoroke kwa mlango wa uani. Tumwage mtoto, hata akilia. Baba atokaye zamu ampakate mtoto kabla ya kulala. Na alelewaye na bibi atembelewe mara kwa mara, na siku ya kurudishwa bibi aje naye, akae hata mtoto atuzoee. Mwisho, twaiomba Halmashauri ifikirie kutenga chumba kimoja cha Chama, chenye walezi wale wale kila siku, kwa watoto wa mama waendao kazini.

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea.