Wanne Waliobeba Kitanda



Injili ya Dominika ya 7, Mwaka B, yatupeleka Kafarnaumu, kwenye nyumba iliyojaa watu hata mlangoni pasiwe na nafasi. Watu wanne wanamleta mgonjwa wa kupooza juu ya kitanda. Wakishindwa kupenya, wanapanda darini, wanaitoboa, wanamshusha mbele ya Yesu. Tuwatazame wanne hao, lakini tuwatazame pia waliojazana mlangoni. Hawakuwa watu wabaya. Walikuja kulisikiliza Neno. Tatizo lao ni kwamba walimpa mgonjwa mgongo.

Kila chama cha watu chaweza kuwa wale wanne, au chaweza kuwa umati ule wa mlangoni.

Tarehe 23 Februari 1905, katika jiji la Chicago, Marekani, mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao. Alikuwa amelelewa kijijini kwa babu na bibi yake, na upweke wa mjini ulimwelemea. Wakapatana kukutana kwa zamu katika ofisi zao. Ndipo lilipotoka jina la Rotary, maana yake kuzunguka. Mwanzoni klabu hiyo ilikuwa ya kufaana: muuza makaa na mshona nguo walipelekeana wateja, na mpweke akapata ndugu. Hilo ni jema. Lakini mwaka 1906 mtu mmoja, Donald Carter, alipoalikwa kujiunga, alitaka kujua klabu inawafaa nini wasio wanachama. Alipoona haiwafai kitu, akakataa. Wenye klabu hawakukasirika. Walimwomba aingie awasaidie kurekebisha katiba. Mwaka 1907 wakaanza kupigania vyoo vya umma katikati ya jiji.

Kazi ya vyoo haina fahari, lakini kwa kazi hiyo mlango ulifunguka. Mwaka 1979 Rotary ilianza kuwachanja watoto wa Ufilipino dhidi ya polio, na mwaka 1985 ikajifunga kufanya hivyo duniani kote. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipoungana nayo, ugonjwa huo ulikuwa ukiwapata watu wapatao 350,000 kwa mwaka. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika hilo ilithibitishwa kuwa imeondokana na virusi vya polio vya asili, ingawa chanjo yapasa kuendelea. Wanne wa Kafarnaumu walimbeba mmoja aliyepooza. Warithi wa wanne wa Chicago, pamoja na wauguzi wengi waliotembea nyumba kwa nyumba, wamewasaidia watoto wasipooze kabisa.

Ndugu zangu, nasi tunavyo vyama vyetu: jumuiya ndogondogo, vikundi vya kuzikana, vyama vya kuweka na kukopa. Ada ni ya haki, na daftari ni la lazima. Kitanda kina pembe nne. Mbebaji mmoja akichoka bila kusaidiwa, mgonjwa huanguka. Chama kisichowatunza wanachama wake hakitambeba yeyote. Lakini mjane aliyeshindwa kulipa miezi mitatu anapofiwa na mtoto, nasi tukafungua daftari na kusema, "Huyu si wetu," hapo tumekuwa umati wa mlangoni, tena tukiwa na rosari mikononi.

Basi nawaomba jambo moja. Katika kikao chenu kijacho, baada ya kusomwa mapato na matumizi, mwenyekiti aulize: nani yuko nje ya mlango wetu? Litajwe jina la mtu mmoja. Kisha wachaguliwe wanne wa kwenda kwake kabla ya Dominika ijayo, na fungu dogo litengwe kwa ajili yake. Yesu aliiona imani ya wale wanne, ndipo akasema na mgonjwa. Aione na yetu.

Mungu awabariki.