Milimita Moja Ndani ya Gurudumu

(Maelezo ya mafundi wa karakana ya viti vya magurudumu kwenye mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Mmetuuliza kwa nini karakana ilisimamisha utengenezaji wa viti kwa wiki tatu wakati orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Swali ni la haki. Tutalijibu kwa kuanzia na kipande hiki cha bomba tulichokishika, chenye urefu wa milimita 50.

Kila gurudumu kubwa la kiti lina beringi mbili, na bomba hili hukaa katikati yake. Nati ya ekseli inapokazwa, nguvu yake hupita kwenye pete ya ndani ya beringi ya kwanza, kisha kwenye bomba, ikaishia kwenye pete ya ndani ya beringi ya pili. Bomba likiwa fupi kuliko nafasi iliyoachwa ndani ya habu, pete za ndani husukumwa zikaribiane huku pete za nje zimezuiwa na habu. Gololi hubanwa ubavuni, gurudumu huwa zito, na beringi husagika kabla ya wakati wake. Bomba likizidi mno, gurudumu huyumba. Sisi tunataka lizidi ile nafasi kwa sehemu 1 hivi ya kumi ya milimita, na lisipungue kamwe.

Tulikuwa tunakata mabomba haya kwa msumeno wa mkono na kuyasawazisha kwa tupa. Tulipofungua magurudumu yaliyorudishwa, tulikuta mabomba yanayopishana hata milimita nzima. Mama mmoja muuza mboga alikwama njiani na mzigo wake, akasukumwa na vijana mpaka mlangoni kwetu. Alituambia kiti kilikuwa kizito tangu siku ya kwanza, ila aliona haya kulalamikia kitu alichopewa bure. Tuliposikia hayo, tukaweka zana chini.

Mashine ndogo ya kukereza tuliyopewa ilikuwa imekaa pembeni ikifunikwa turubai. Ni ya kuwekwa mezani, ya aina wanayoitumia watu wa Ulaya wanaofanya kazi za chuma nyumbani kama burudani. Tulidhani kuwa na mashine kunatosha. Tukajaribu kukatia bomba humo humo kwa kisu chembamba. Mashine nyepesi kama hii hutetemeka; kisu kikanasa na kuvunjika. Cha pili kikavunjika vilevile. Hasara hiyo ni yetu, na imo kwenye taarifa ya fedha.

Sasa tunafanya hivi. Msumeno bado unakata kwanza, lakini tunaacha milimita 2 za ziada. Halafu tunakereza upande mmoja wa vipande vyote mpaka uwe bapa. Baada ya hapo tunapenyeza fito ya chuma kutoka nyuma ya mashine, tunaikaza isisogee, na kichwa chake kinakuwa ukuta ndani ya taya zinazoshika kazi. Kila kipande kinageuzwa, kinasukumwa mpaka kiguse ukuta huo, kisha kinabanwa. Kisu kimefungwa mahali pamoja na hakisogezwi mbele wala nyuma. Kinapita tu kukata uso wa bomba. Hakuna kupima kwa rula kila mara, maana ukuta na kisu ndivyo vinavyoshika kipimo.

Hata hivyo ukuta unadanganyika. Chembe ya chuma ikibaki kati yake na bomba, bomba linatokeza mbele zaidi, kisu kinakula zaidi, na kipande kinatoka kifupi. Yaani kosa lile lile tulilolikimbia. Kwa hiyo brashi hupita kabla ya kila kipande, bila kujali foleni ya kazi. Taya zikibanwa kwa nguvu nyingi, bomba jembamba hupoteza uduara wake. Kisu nacho kikiisha makali, vipande huanza kurefuka kidogo kidogo, ndiyo maana kila cha kumi hupimwa kwa vernia. Tena hupimwa kikiwa kimepoa: chuma cha milimita 50 kikizidi joto kwa nyuzi 40 hurefuka kwa zaidi ya sehemu 2 za mia za milimita. Kwa gurudumu letu hilo ni dogo, lakini vijana wanaojifunza wakizoea kupima kitu cha moto, watapima hivyo hata siku ambayo kazi haitaki mchezo.

Mjumbe mmoja alisema fedha za vernia na visu zingetosha kununua matairi. Ni kweli zingetosha. Lakini matairi yale yangefungwa kwenye magurudumu yasiyozunguka.

Kiti cha yule mama kimewekewa mabomba mapya na beringi mpya. Alikizungusha gurudumu kwa kidole akiwa bado hajakaa, akalitazama mpaka liliposimama lenyewe.

Bado kuna viti vya zamani vijijini ambavyo hatujavifungua. Tunaziomba kamati zipite nyumba kwa nyumba, ziinue kila kiti na kuzungusha magurudumu kwa mkono. Linalosimama upesi, au linalokwaruza, litolewe lote pamoja na ekseli yake na kuletwa karakana siku yoyote ya kazi. Mwenye kiti asidaiwe chochote, wala asiulizwe kwa nini hakusema mapema.