Ngeli za Tovuti: Aina za Maudhui na Sarufi ya Matangazo katika Halmashauri za Kibaha na Kisarawe



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili aghalabu huhusu ushairi, fonolojia au historia ya usanifishaji. Leo naomba tuelekeze macho mahali ambapo wanaisimu hatujazoea kukaribishwa: kwenye ukurasa ambao msimamizi wa tovuti peke yake ndiye anayeuona, pale anapoamua tovuti yake itakuwa na vitu vya aina gani na kila kitu kitaelezwa kwa mambo yapi. Hoja yangu ni kwamba uamuzi huo ni wa kisarufi, na kwamba ukifanywa bila ya Kiswahili kushirikishwa, anayepata hasara ni mwananchi wa Mzenga au wa Magindu.

Mwanzoni mwa karne hii juhudi zetu katika kompyuta zilielekezwa zaidi kwenye tafsiri. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni kubwa za nje nazo zikaufuata mkondo huo. Kazi ile ilitupatia istilahi tunazozitumia hadi leo, nami si miongoni mwa wanaoibeza. Hata hivyo, kutafsiri jina la kitufe ni jambo moja, na kuamua kitufe hicho kinatawala kitu gani ni jambo jingine.

Mfumo wa kusimamia tovuti, unaposakinishwa, huja na aina chache tu za maudhui: ukurasa wa kudumu, na makala yenye tarehe ya kuchapishwa. Zamani kila kitu kilisukumwa humo, kikitosha na kisipotosha. Kisha milango ikafunguliwa. WordPress 3.0 ya mwaka 2010 ilimrahisishia mtengenezaji kazi ya kusajili aina zake mwenyewe. Drupal 7 ya mwaka 2011 ilizifanya nyuga kuwa sehemu ya kiini cha mfumo. Joomla ilikawia hadi toleo la 3.7 la mwaka 2017 ndipo ikaingiza nyuga za kujitungia. Naitaja Joomla kwa upendeleo kidogo, kwa kuwa jina hilo lililochaguliwa mwaka 2005 ni neno letu jumla lililovikwa tahajia ya Kiingereza. Sidhani kama wengi wanaolitamka wana habari.

Uga ni nafasi moja ya kujazia: tarehe, mahali, kiasi cha fedha, picha. Aina ya maudhui ni jina pamoja na nyuga zake na kanuni zake: uga upi ni wa lazima, upi waweza kurudiwa, upi unarejelea kitu kingine kilichokwisha kuingizwa. Aliyesoma isimu ya Kibantu atatambua mara moja kilichopo hapa. Hii ni ngeli. Ngeli si ghala la nomino tu. Ni mapatano kwamba nomino ikishaingia humo, kivumishi, kiwakilishi na kitenzi vitaifuata kwa namna iliyokwisha kukubaliwa.

Na kila mwalimu wa sarufi amepata kusumbuliwa na kiboko. Kwa umbo ni cha KI-VI, lakini hatusemi kiboko kikubwa kimekufa. Twasema kiboko mkubwa amekufa. Umbo ladai hivi, hali ya kitu yadai vile, na katika Kiswahili uhai umeshinda. Rafiki ana mambo zaidi: katika rafiki yangu amefika, umilikishi umefuata umbo na kitenzi kimefuata uhai, ndani ya sentensi moja. Mtengenezaji wa tovuti hukutana na viboko na marafiki kila siku, bila kufundishwa namna ya kuwatambua.

Sasa tuje Pwani. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 zilizojengwa kwa kiolezo kimoja. Kibaha yenye halmashauri mbili, ya mjini na ya wilaya, na Kisarawe yenye moja, zote zikapata sura ileile pamoja na vichwa vilevile: Habari, Matangazo, Miradi, Machapisho. Manufaa ya utaratibu huo hayana ubishi, kwani aliyeizoea tovuti moja hapotei katika nyingine. Lakini kiolezo hutoa vyumba tu. Kuamua kipi kiingie chumba kipi kunabaki kuwa kazi ya mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri yaitisha mkutano wa wananchi kuhusu upimaji wa mashamba, na ofisa anaandika aya tatu nzuri, anaweka na picha ya mwenyekiti. Kwa umbo hiyo ni habari, kwa hiyo anaiweka kwenye Habari. Kwa hali yake, hata hivyo, ni tangazo: ina siku ambayo ikipita, maandishi yale hayamfai mtu. Habari hupangwa kwa tarehe ya kuchapishwa, mpya ikiisukuma chini kongwe. Kwa hiyo zikija habari tano za ziara za viongozi, mwaliko ule utazama kabla ya siku ya mkutano. Na zisipokuja, utabaki juu miezi kadhaa baada ya mkutano kwisha. Tangazo lahitaji uga wa tarehe ya tukio, lipangwe kwa tarehe hiyo, na liondoke lenyewe. Hapo ndipo kiboko anapopatanishwa kwa uhai wake na si kwa kiambishi chake.

Uga wa mahali una matatizo makubwa zaidi. Mwandishi akiachiwa kuandika apendavyo, ataandika Chole. Ipo Chole ya Kisarawe, na kipo kisiwa cha Chole huko Mafia. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani, hivyo hata kuongeza jina la mkoa hakusaidii kitu. Masaki ya Kisarawe si Masaki ya Dar es Salaam. Pangani ya Kibaha si Pangani ya Tanga. Kongowe ya Kibaha iko kando ya Barabara ya Morogoro, na Kongowe nyingine iko kando ya Barabara ya Kilwa. Tena ipo Vikumbulu, ambayo huandikwa pia Vikumburu, maana l na r hupokezana sana katika vinywa vya watu wa pwani na bara yake. Mashine huziona kuwa kata mbili. Dawa yake yajulikana kwa mtunga kamusi yeyote: Mahali pawe aina ya maudhui inayojitegemea, kila pahala paingizwe mara moja tu pamoja na kata, wilaya na tahajia zake nyingine, kisha tangazo liparejelee. Homonimu hutenganishwa kwa vidahizo viwili, si kwa kumtakia msomaji bahati njema.

Nimeuacha mwisho uga wa saa, kwa sababu ndio unaoniudhi kuliko yote. Mfumo uliotungwa ugenini huhifadhi 10:00, na tafsiri huweka mbele yake neno saa. Mkulima wa Mafizi akisoma saa 10:00 ataelewa jioni, wakati kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Kila neno hapo ni la Kiswahili, na bado taarifa si ya kweli. Uga wa saa kwa Kiswahili una sehemu mbili: hesabu inayoanza macheo na machweo, na kipindi cha siku, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Sehemu ya pili iwe ya lazima. Usiku nao una utata wake, kwani kwa hesabu ya wazee usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Ndiyo maana waandishi waangalifu husema usiku wa kuamkia Ijumaa. Hakuna kiolezo kutoka ng'ambo kitakachotukumbusha jambo hilo.

Napendekeza basi kwamba wanafunzi wetu wa isimu wapelekwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, Kibaha na Kisarawe, wakanakili matangazo ya mwaka mzima kama yalivyobandikwa. Wayapange mezani kwa mikono, wakiandika kando ya kila moja nini kingekosekana iwapo mstari fulani ungefutwa. Mistari isiyofutika ndiyo nyuga za lazima. Orodha hiyo wamkabidhi mtaalamu wa kompyuta kabla hajasajili aina hata moja, na wakae naye anapoisajili.