Neno la siri ni saini ya mtumishi

Ndugu Walimu na Watumishi wa Maretadu,

Zamani ombi la mkopo au la uhamisho lilihitaji saini yako na muhuri wa ofisi. Leo maombi hayo hupitia mfumo wa ESS, na utendaji wetu hupimwa kwa PEPMIS, iliyochukua nafasi ya OPRAS. Kwa hiyo neno la siri ndilo saini yenyewe.

Hata hivyo, wapo wanaomwachia kijana wa steshenari cheki namba na neno la siri, awajazie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu aingiaye bila idhini. Lakini aliyekabidhi neno lake kwa hiari atathibitishaje kuwa mkopo ulioombwa kwa jina lake si wake?

Basi tutimize mambo matatu. Kwanza, neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na kila mfumo uwe na lake. Pili, barua pepe iwekewe uthibitisho wa hatua ya pili, kwani aliyeiteka huweza kubadili maneno ya siri ya mifumo mingine. Tatu, namba ya uthibitisho iletwayo kwa simu asitajiwe mtu yeyote, hata akijiita afisa. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040.

Nanyi mnaojua kompyuta, msiwajazie wenzenu. Kaeni nao, waelekezeni, wabonyeze wenyewe.