Asiyeona na Elimu ya Kompyuta

Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) hakuwa na macho, naye alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.). Vipi basi hapa Bagamoyo tumwambie kipofu kuwa kompyuta si yake?

NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kipofu naye, husoma kwa sauti maandishi ya kwenye kioo, bila malipo. Sauti ya Kiswahili imo. Katika kurasa za intaneti, herufi H humpeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na K kwenye kiungo, hahitaji kipanya. Ila haifasiri: Kiingereza hubaki Kiingereza.

Basi mwalimu asemaye “bonyeza hapa” amemwacha nje. Tutaje kitufe kwa jina, na tufasiri masomo.