Meza ya Mtazama Nyota

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya meza. Si ile ya bwana mkubwa ofisini, bali meza inayotakiwa kukaa ndani ya kijumba cha kutazamia nyota, hapa hapa Mtwara mjini.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia, amejenga nyuma ya nyumba yake kibanda cha matofali ambacho paa lake la mabati husukumwa pembeni juu ya reli. Ndani mna darubini juu ya nguzo ya zege, na nafasi ya hatua mbili hivi imebaki wazi. Fundi akamshauri: “Mwalimu, hapa weka kitanda, usiku utachoka.” Wengi tungemuunga mkono fundi. Mimi nasema iwekwe meza, tena yenye viti viwili.

Anayetazama bila kuandika anastarehe tu. Starehe si haramu, lakini asubuhi hana cha kumwonyesha mtu. William Herschel aliigundua sayari ya Uranus mwaka 1781 akiwa kwenye bustani ya nyumba yake mjini Bath, Uingereza. Kazi iliyofuata, ya kuorodhesha makundi ya nyota na mawingu ya angani yapatayo 2,500, hakuifanya peke yake. Mdogo wake wa kike, Caroline, aliketi mezani karibu na dirisha, taa na saa mbele yake, akiandika kila alichotamka kaka yake kutoka kwenye darubini. Maana jicho lililozoea giza likikutana na taa hupotewa, na huhitaji karibu nusu saa kuzoea tena. Mwaka 1787 mfalme alianza kumlipa Caroline pauni 50 kwa mwaka, naye alivumbua nyota zenye mkia 8. Karani huyo!

Meza yenyewe isiguse nguzo ya darubini. Darubini inayokuza mara 100 hukuza na mtikisiko mara 100, kwa hiyo kiwiko cha mwandishi kinatosha kuirusha nyota. Taa iwe nyekundu na hafifu. Mwenye kompyuta afunike kioo chake kwa nailoni nyekundu. Kisha kuna adui wetu wa pwani, chumvi. Skurubu za chuma zitaliwa na kutu, tafuta za shaba. Umande hulowesha karatasi na wino husambaa, basi penseli ndiyo kalamu ya kazi hii. Lenzi zisifungiwe kwenye droo yenye unyevunyevu, zitaota kuvu. Nimeona shule moja, sitaitaja, ambayo darubini yake imeozea kabatini namna hiyo, na daftari hata moja halikuwahi kufunguliwa.

Tuangalie na saa. Sisi tukiandika saa 2 usiku, msomaji wa ng’ambo atadhani ni saa nane ya usiku wetu. Andika 20:00. Ukitoa 3 unapata saa ya dunia, yaani 17:00.

Kwa nini nasumbuka na hayo? Kwa sababu Mtwara iko nyuzi 10 tu kusini mwa Ikweta, na karibu anga lote hupita juu yetu kwa mwaka. Msalaba wa Kusini tunaouona sisi, mtu wa London haoni. Tena Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma bado vina wazee waliosafiri kwa majahazi usiku, wanaojua Kilimia kinapozama na bamvua linapokuja na mwezi mpevu au mwezi mchanga. Majina wanayoziita nyota nyingine ameyaandika nani? Wengi wao hawaendi baharini tena, na macho yamechoka. Kiti cha pili ni chao, mjukuu wa sekondari akishika penseli.

Asiye na darubini aanze na daftari tu: tarehe, saa, mawingu, mwezi ulipo, na maji yamejaa saa ngapi. Masika yetu hapa huanza Desemba na kwisha Aprili. Kuanzia Mei anga huwa wazi.