Vazi la Kwanza Liwe Lako
Hotuba kwa wanafunzi wa ushonaji katika chuo cha ufundi cha kaunti

 

Yupo mwanafunzi wa ushonaji anayemaliza kozi akiwa ameshona sare za shule, mashati ya wateja na mapazia, lakini hajawahi kuvaa nguo hata moja aliyoishona mwenyewe. Mazungumzo ya leo yanamhusu huyo.

Kushona nguo yako si jambo geni katika pwani yetu. Leso, ambayo leo kila mmoja huiona dukani ikiwa tayari, ilianza kwa sindano ya nyumbani. Katika karne ya 19, wanawake wa mwambao walinunua vitambaa vya mkononi, vile ambavyo Wareno waliviita lenço, kabla havijakatwa kimoja kimoja. Walichukua vipande vitatu na vingine vitatu, wakaviunganisha vikawa nguo moja pana ya kujifunga. Kila mwanamke alichagua rangi na mpangilio wake. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inapendwa, ndipo wakaanza kuagiza kitambaa kilichopigwa chapa kikiwa kizima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo wengi wanalijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, limejulikana kwa leso tangu enzi hizo. Kwa hivyo mwanamke alitangulia, kiwanda kikafuata.

Basi mwanafunzi wetu na aanze na leso hiyo hiyo. Anunue jozi yenye jina analolipenda, tuseme “Mcheza kwao hutunzwa”. Kwanza aifue kwa maji baridi na kuianika, kwa sababu pamba hurudi, na sketi iliyokatwa kabla ya kufuliwa humbana mwenyewe siku ya pili. Halafu ajipime kiuno na nyonga, asikisie.

Leso moja ina upana wa takriban sentimita 150. Ikiwa nyonga zake ni sentimita 100, akiacha sentimita 2 kila upande za mshono, anabaki na karibu sentimita 46 za marinda. Mshono aupitishe mbele, ili jina likae nyuma, chini kidogo, mahali pale pale linapokaa mtu anapojifunga leso. Juu atie lastiki. Chini hahitaji urembo wowote, kwa kuwa pindo la leso lenyewe ndilo urembo. Leso ya pili itatoa blauzi: mji wake uwe kifua na mgongo, na pindo lizungushwe kwenye mikono. Apige bandi kwa mkono kwanza, ajaribishe mbele ya kioo, ndipo akae kwenye cherehani. Mkasi ukishapita katikati ya jina, hakuna uzi utakaolirudisha.

Huenda mshono wa kwanza ukaenda upogo. Afumue, ashone tena. Siku atakapoivaa kwenda harusini, atajua furaha ambayo mteja wa duka haijui. Nguo ya dukani ilipimwa kwa mwili wa mtu asiyemjua. Ya mtumba ilikatwa kwa ajili ya mtu wa nchi nyingine. Hii inajua bega lake liko wapi. Mfuko uko pale alipoutaka, urefu ni ule alioupenda, na maneno ya nyuma ameyachagua yeye. Akiulizwa, “Umenunua wapi?” atacheka kabla ya kujibu.

Hata mtumba hautupwi. Shati kubwa la baba hupunguzwa ubavuni, kola iliyochakaa hugeuzwa, kiraka cha leso kikaziba tundu na kuwa pambo. Mvulana naye asijione mgeni katika kazi hii. Kofia za Lamu zilizodariziwa kwa mkono huchukua wiki nyingi hadi miezi, na mwanamume anayeivaa huivaa kwa fahari.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Cherehani zilizomo humu ni za wananchi, na saa za mazoezi ni za wanafunzi. Lakini hakuna sheria inayoweza kumpa fundi jicho la kazi yake. Jicho hilo hulipata anapovaa alichoshona, akaketi nacho, akapanda nacho matatu, akahisi mahali panapombana. Akishahisi, hatambana mteja wake mahali hapo.

Ombi ni moja. Siku ya mahafali, chini ya joho, kila mhitimu avae vazi alilolikata na kulishona mwenyewe. Wazazi watakapouliza kozi ilifunza nini, afungue joho, ageuke, wasome.